Kabla ya kutoa pesa ya kamba, tuulize shimo liko wapi



Likelemba yetu mnaijua. Kila Jumamosi tunaketi chini ya mwembe, kila mmoja analeta sehemu yake, na zamu inamfikia mtu. Pembeni tunatia kidogo katika sanduku la msaada, kwa ajili ya matanga, uzazi na ugonjwa. Mwezi wa tano mwenzetu mmoja alisimama akaomba sanduku lote. Hakuwa na mgonjwa wala maiti. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 22, pamoja na wenzake watano, walikuwa wamepata mahali pa kuchimba. Walikosa kamba, taa za kichwa, nyundo, patasi, mifuko, na unga wa majuma matatu. Tukiwasaidia, kila mfuko utakaouzwa depo ungetuletea sehemu yetu.

Hatukushangaa. Hapa Kolwezi hakuna nyumba kati ya nyumba zetu ambayo haijala bukari ya pesa ya shimo. Tulikuwa karibu kukubali. Ndipo mkubwa wetu mmoja, mjane wa mfanyakazi wa zamani wa Gécamines, akauliza: "Shimo lenyewe liko wapi?"

Mwenzetu akajibu: "Kule, nyuma ya mtaro."

"Kule ni kwa nani?"

Hakuna aliyeweza kujibu. Tukaahirisha neno lile kwa juma moja, tukachagua watatu waende kuuliza. Tunaandika haya ili mjue tuliyoyapata, maana swali lile litafika pia katika kikundi chenu.

Sisi tulio wakubwa tunakumbuka wakati ambapo hakuna mama aliyeuliza hivyo. Gécamines ilikuwa mume na baba. Ilitoa kazi, nyumba, unga, shule na hospitali. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, mambo yalianza kulegea. Mwaka 2003 ulikuja mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa pesa ya mara moja wakaenda nyumbani. Pesa hiyo haikudumu. Baba alikuwa ameshuka mgodini na namba ya kazi, taa ya kampuni na kapita wa kumhesabu anaporudi juu. Mtoto akashuka na kamba na tochi, na wa kumhesabu akawa mama yake.

Watatu wetu walianza kwa kwenda kuona mahali. Kijana aliwapeleka kwa moto, kisha wakatembea kwa miguu. Waliona majani, miti michache, vichuguu, na shimo moja lililofunikwa kwa matawi. Hapakuwa na ukuta wala kibao. Kijana akasema: "Mnaona, wamama? Hili ni pori tu. Pori ni la serikali, na serikali ni sisi."

Maneno yake yalikuwa na nusu ya ukweli. Udongo wa Kongo na vilivyo chini yake ni mali ya taifa. Lakini sheria ya madini inatenga mambo mawili: haki ya juu ya udongo, na haki ya mawe yaliyo chini. Mtu anaweza kuwa na shamba lake la mihogo na barua ya chifu, na bado mawe ya chini yakawa yameandikwa kwa jina la kampuni katika ofisi ya Kadasta ya Madini, ambayo watu wanaiita CAMI. Ofisi hiyo inagawa nchi katika karé, na kila karé moja ina hekta karibu 85. Ramani yake si siri. Mtoto wa mmoja wetu anayesoma chuo aliifungua kwenye simu, mbele yetu, chini ya mwembe. Tuliona Kolwezi yetu imefunikwa kwa rangi kama kitambaa cha viraka. Kiraka hiki cha kampuni hii, kile cha kampuni ile. Tulitafuta kile "pori tu". Lilikuwa ndani ya kiraka.

Basi ni wapi ambapo mchimbaji wa mkono anaruhusiwa? Swali hilo tulilipeleka kwa mtumishi mmoja wa serikali anayeshughulika na wachimbaji wadogo. Alituketisha, akatueleza polepole, nasi tunawaeleza ninyi kama tulivyoelewa.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikubali kwamba Mkongomani mtu mzima anaweza kuchimba kwa mkono, lakini katika maeneo ambayo waziri wa madini ameyatenga kwa kazi hiyo. Yanaitwa ZEA. Sheria ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, ikaongeza kwamba mchimbaji lazima awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na serikali. Kwa hiyo anahitaji koperative yenye barua, na karte ya mchimbaji yenye jina lake, inayofanywa upya kila mwaka. Shimo lisipite metro 30. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Wamama wajawazito pia hawatakiwi kufanya kazi machimboni, na machimbo wanamoonekana yanaweza kuandikwa kuwa mabaya, mawe yake yasinunuliwe. Kazi ya kuwafuata na kuwafundisha wachimbaji ni ya SAEMAPE.

Mmoja wetu akauliza lile lililokuwa moyoni mwa wote: "Hayo maeneo, yanatosha?"

Mtumishi alicheka kidogo, lakini si kwa furaha. Alisema ardhi yenye mawe mazuri karibu na mji ilikwisha kuandikwa zamani. Eneo linalotengwa kwa mkono mara nyingi liko mbali, au mawe yake yako chini sana, au hakuna aliyepima kujua kama yapo. Ndiyo sababu vijana wanajua sheria na bado wanaruka mtaro.

Tunapaswa kusema pia kwamba imejaribiwa njia nyingine: kampuni kuwaachia wachimbaji kipande ndani ya ardhi yake, kwa mapatano na koperative. Mtaa wa Kasulo mnaujua. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya parseli za watu, na mashimo yakaanza hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 familia zilihamishwa, pakajengwa ukuta, wachimbaji wakaingia kwa koperative na kuuza kwa mnunuzi mmoja. Kule Mutoshi, katika ardhi ya Chemaf, pamoja na Trafigura na shirika la Pact, palikuwa na uzio, mlango, na karte za kuingilia, na wamama walifanya kazi humo wakihesabiwa kama wengine. Mwaka 2020, wakati wa korona, kazi ile ilisimamishwa. Kwa hiyo mahali palipo halali leo panaweza kufungwa kesho. Karte ya mwaka jana haitoshi kujibu swali la mwaka huu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi chini ya mwembe na majibu. Tulimwambia mwenzetu: sanduku halitatoka kwa shimo lile. Alilia. Alisema tunazuia bahati ya mtoto wake kwa sababu ya ramani ya simu. Alisema waume wa baadhi yetu walichimba mahali pabaya zaidi, na kwa pesa hiyo watoto wetu walisoma. Hapo wengine tulitazama chini, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mjane wetu ndiye aliyemjibu. Alimwambia: "Mama, hatukatai kwa sababu sisi ni watakatifu. Tunakataa kwa sababu kamba ile tutakuwa tumeinunua sisi."

Kisha tulizungumza juu ya wafu, kwa maana katika Lualaba huwezi kuzungumza juu ya mashimo bila kuwataja. Tarehe 27 Juni 2019, katika shimo kubwa la KOV, ndani ya ardhi ya kampuni ya KCC, udongo uliwaangukia wachimbaji walioingia bila ruhusa. Walihesabiwa wafu 43. Tarehe 15 Novemba 2025, kule Kalando, upande wa Mulondo, mahali ambapo kuingia kulikuwa kumekatazwa kwa sababu ya mvua na hatari ya maporomoko, daraja lililofanywa na wachimbaji wenyewe lilianguka watu wakikimbilia juu yake. Viongozi wa jimbo walitangaza vifo 32. Ripoti ya SAEMAPE ilisema milio ya risasi za wanajeshi iliwatia watu hofu wakasongamana.

Tazameni jambo hili, wamama. Udongo unaweza kuanguka hata penye ruhusa. Lakini pasipo ruhusa kuna hatari ya pili juu ya ile ya udongo: mtu anachimba huku akisikiliza. Anaingia usiku. Haweki mbao za kushikilia kuta kwa sababu anajua anaweza kufukuzwa asubuhi. Akisikia mlio anakimbia bila kuangalia njia. Na akiumia, wenzake wanaogopa kumpeleka hospitali kwa kuwa wataulizwa alitoka wapi.

Kijana alikwenda hata hivyo. Kamba walikopa kwa mtu mwingine. Baada ya siku kumi na moja walifukuzwa usiku na walinzi, akarudi nyumbani saa tisa za usiku bila viatu, bila simu, na mkono wa kushoto umevunjika. Mama yake alikuja kutugongea mlango kabla ya jua. Hatukumkumbusha neno lolote. Tulifungua sanduku la msaada kwa ajili ya hospitali, maana ndiyo kazi yake.

Mkono ulipopona, tulikwenda pamoja naye kutafuta mahali pa halali. Tulizunguka majuma mawili. Koperative ya kwanza ilikuwa na kibao kizuri, lakini tulipoomba kuona barua ya serikali tuliambiwa turudi kesho, na kesho yake tena kesho. Ya pili ilikuwa na barua, lakini jina la mahali kwenye barua halikuwa jina la mahali walipochimba. Ya tatu ilitoa karatasi zote juu ya meza. Eneo lake ni mbali, mwendo wa saa mbili kwa moto. Mawe yake ni hafifu kuliko yale ya nyuma ya mtaro, na koperative inakata sehemu yake kabla ya mchimbaji kupata yake. Kijana alipiga hesabu kwa sauti, akanyamaza. Kisha akaandika jina.

Sasa anafanya kazi huko na mmoja wa wale watano. Wengine wanne wanasema yeye amekuwa fundi wa karatasi. Analeta pesa kidogo kuliko ile aliyoiota. Anaondoka mchana na kurudi mchana, na Jumapili yuko nyumbani.

Kikundi chetu kimeweka kanuni, tukaiandika ndani ya daftari la likelemba. Hakuna pesa ya sanduku wala ya zamu itakayokopeshwa kwa shimo kabla ya mambo manne kujibiwa. La kwanza: mahali hapo ni pa nani kwenye ramani ya CAMI, leo, si mwaka jana? La pili: koperative ni ipi, na jina la mahali kwenye barua yake ni lile lile la mahali pa kazi? La tatu: kijana ana karte yenye jina lake mwenyewe, na mwaka wake haujapita? La nne: shimo lina metro ngapi, na ni nani anayehesabu watu wanapotoka? Kwa wenzetu wanaoosha na kuchambua mawe, tunauliza vilevile: mawe yametoka wapi, na bwawa ni la nani? Mama akikamatwa na mfuko wa mawe ya wizi, hawamuulizi nani alichimba.

Hatutaki mfikiri kwamba tumepata dawa. Mashimo ya usiku bado yapo, na unga bado unapanda bei. Wakubwa wanaoketi na serikali na kampuni wanapaswa kutenga ardhi yenye mawe ya kweli, karibu na watu, la sivyo wataendelea kuwafukuza watoto wetu kila mwaka kutoka katika mashimo yale yale. Neno hilo tumeliandika pia, tumelipeleka kwa ofisi inayohusika, na tunangoja jibu.

Juma lililopita mama wa kijana aliketi mahali pake pa kawaida. Mwenzetu mwingine alisimama kuomba pesa kwa ajili ya mkwe wake aliyepata mahali pa kuchimba. Kabla hajamaliza, yule mama akanyoosha mkono, akauliza: "Shimo lenyewe liko wapi?"