Haidrenjia za Murungu: Tuchague Ipi?

Kata ya Murungu ipo wilayani Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Tulitoka Kasulu akina mama wanne, tukauvuka mto Malagarasi, tukaingia katika nchi ya udongo mwekundu, migomba, maharage na muhogo. Mvua huko huanza Oktoba na kwisha Mei. Miezi ya Juni na Julai usiku ni wa blanketi.

Tulikwenda kwa semina ya afya ya familia. Baada ya chai, mazungumzo yakahamia kwenye haidrenjia ya bluu iliyostawi kando ya nyumba ya mwenyeji wetu. Kila mama alitaka pingili yake, na kila mmoja akauliza: nichague ipi?

Wapendwa, jambo la kwanza ni jamii yake. Haidrenjia zenye majani mapana, ambazo asili yake ni Japani, ndizo zinazofaa zaidi kwetu. Katika vitabu mtaona picha za Annabelle na Limelight. Ni nzuri, lakini hizo zimezoea nchi zenye majira ya baridi kali. Za majani mapana zipo za aina mbili: zenye kichwa cha mviringo kama mpira, na zenye kichwa bapa, maua madogo katikati na makubwa yamezunguka pembeni. Za mviringo hupendeza kwenye chombo cha maua kanisani. Za bapa huvutia nyuki zaidi.

Jambo la pili ni rangi. Wengi hudhani bluu na waridi ni mimea tofauti. Mara nyingi ni mmea uleule! Udongo wenye tindikali huuwezesha mmea kufyonza madini ya alumini, na ua huwa bluu. Ukiweka majivu ya jikoni, tindikali hupungua na ua huelekea waridi. Nyeupe haibadilishwi na udongo.

Mama mmoja alitaka nyeupe, aipande juu ya kaburi la binti yake. Tulinyamaza kidogo. Makaburi yale yako juani kutwa, na haidrenjia huungua kwa jua la mchana. Tulimshauri aipande upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, kisha awe anakata maua na kuyapeleka kaburini. Alikubali, akasema hivyo atakuwa na sababu ya kwenda.

Mwingine alisema wazi, "Maji nayabeba kichwani, leo niyamwagie ua?" Ana haki. Haidrenjia hunywa maji mengi, na kiangazi ni mzigo wa mama. Kwa hiyo tukasema: panda shina moja tu, karibu na mahali unapooshea mboga, limwagiwe maji hayo. Funika udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Msiache makopo ya maji yakikaa bustanini, kwani mbu huzaliana humo, na malaria ni adui mkubwa wa watoto wetu.

Kupanda ni rahisi. Mvua zikianza, kata pingili ya sentimeta 10 hadi 15 isiyo na ua, ondoa majani ya chini, yale makubwa yakate nusu, uichomeke kivulini kwenye udongo mwororo. Mizizi hutoka baada ya majuma machache. Kupogoa kufanyike mara maua yanapokwisha. Ukichelewa utakata machipukizi ya maua yajayo.

Sasa neno la afya. Majani na vichwa vya haidrenjia vina sumu. Akina mama wa Murungu walielewa upesi, kwa sababu wanaujua muhogo mchungu: vyote viwili vinaweza kutoa sianidi. Muhogo tunauloweka na kuukausha, ua hatulipiki. Mtoto anayetambaa asiachwe karibu nalo, na mbuzi wafungwe mbali. Mtoto akilitafuna, akatapika au kulegea, mpelekeni zahanati mara moja, pamoja na jani lenyewe. Msimpe dawa za kienyeji.

Bwana wetu alitualika tuyatazame maua ya kondeni (Mathayo 6:28). Mama aliyechoka naye anahitaji kitu cha kutazama. Shina moja, lililopandwa mahali pake, linatosha.