Daktari wa Kuchua

Nilipohitimu tiba kwa vitendo pale KCMC, Moshi, na kuajiriwa katika hospitali moja ya bonde la Kilombero, watu waliniita daktari wa kuchua. Mgonjwa aliingia na chupa ya mafuta mkononi, akavua shati, akajilaza. Sikuwalaumu. Mkulima wa mpunga wa Mlimba angeijulia wapi kazi yangu, wakati hata wodini haikujulikana? Kilichoniuma ni mafaili. Mtu mwenye kiharusi alikaa hadi siku ya kuruhusiwa, ndipo tabibu akaandika neno moja, "mazoezi", na kumleta kwangu mizigo yake ikiwa imeshafungwa.

Ndivyo alivyoletwa mama mmoja kutoka Ulanga, enzi za pantoni, kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa 2018. Mwenzangu wa tiba ya viungo alikuwa amemfundisha kusimama na kutembea na fimbo, kazi nzuri kabisa. Mimi nilimuuliza akiamka nyumbani huanza na nini. Akasema huwapikia wajukuu uji.

Nikaomba wasimruhusu kwanza. Kesho yake nikaleta sufuria, unga, maji na mwiko. Sufuria niliiweka juu ya kitambaa kibichi isizunguke. Mpini wa mwiko nikauviringishia mpira wa baiskeli, unenepe, vidole vilivyolegea viweze kuushika. Moto hatukuwasha. Mkono wa kushoto ukawa unaushika wa kulia na kuuongoza. Mwanawe akatukuta, akapandisha sauti: "Daktari, mama anaumwa hivi, mnampikisha?"

Nikamwambia, "Kaka, hebu tazama bega lake." Bega lililogoma kuinuka kitandani lilikuwa likienda na mwiko.

Kwamba kazi za nyumbani ni sehemu ya tiba, Ifakara, mji wa bonde hilohilo, ina ushahidi wa miaka mingi. Kituo cha Nazareti kimewatunza watu wenye ukoma, na yeyote aliyeufahamu ugonjwa huo anajua kwamba dawa mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huua vimelea lakini hazirudishi hisia zilizokwisha kupotea. Aliyepona anaweza kuepua chungu cha moto asisikie chochote, akaja kuona lengelenge baadaye. Mkono wake unaokolewa na tambaa nene, upawa wa mpini mrefu na mazoea ya kukagua viganja kila jioni. Kule Mahenge nako, alikoanzisha kliniki ya kifafa Dkt. Louise Jilek-Aall, watu wameanguka motoni na kuungua vibaya. Vidonge ni lazima, lakini mwenye kifafa anahitaji pia mahali salama pa kupikia, maana ataendelea kula na kulisha watoto. Kumwambia tu asikaribie moto ni kumnyang'anya nyumba yake.

Nikaanza kwenda raundi ya asubuhi bila kuitwa, na kila kitanda nikauliza: huyu anakulaje, anaogaje, anavaaje? Wengine walichoka nami. Tabibu mmoja kijana alianza kuuliza kabla yangu, na kwenye fomu zake hakuandika tena "mazoezi" peke yake. Aliandika: "Hawezi kufunga vifungo. Analishwa. Anataka kurudi shambani kabla ya palizi." Fomu kama hiyo nilianza kuifanyia kazi siku ileile.