Bendera ya Njano Ras Kazone

Tuling'oa nanga Shimoni saa tisa usiku, kaskazi ya Februari ikitusukuma shetri. Kutoka pale hadi Tanga ni maili 30 hivi za baharini, na nahodha alitaka kuingia ghubani jua likiwa limepanda ili aione miamba. Tulikuwa watatu: yeye, Mholanzi mstaafu, mkewe, na mimi, niliyechukuliwa Kilifi kwa kazi mbili, kuvuta kamba na kusema Kiswahili.

Mpaka wenyewe hatukuuona. Mahali fulani kusini ya Vanga Kenya iliisha, na ngalawa zilizokuwa zikivua pale wala hazikujali. Nahodha ndiye aliyejali. Aliniambia nishushe bendera ndogo ya Kenya upande wa kulia wa mlingoti, nipandishe ya njano. Mabaharia huihesabu kuwa herufi Q, na wengi hudhani inatangaza maradhi. Kumbe siku hizi ni kinyume: chombo kinasema ni kizima, kinaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka ruhusa itoke, nahodha peke yake ndiye ashukaye, na mkalimani wake akiombewa.

Saa tatu asubuhi tulitia nanga mbele ya Ras Kazone. Ng'ambo yetu kisiwa cha Toten kimejaa miti. Ndani zaidi, bandari. Zamani meli kubwa zilikaa katikati ya ghuba, shehena ikashushwa kwa matishari. Kina kimechimbwa hadi mita 13, sasa zinafunga gatini. Yoti yetu ya mita 12 ilionekana kama kitu alichosahau mtoto ufukweni.

Na ilikuwa Ijumaa. Mimi nilisahau, nahodha hakujua uzito wake.

Tulianzia afya, kwa sababu bila afya meza nyingine hazikufungulii mlango. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, karibuni. Kadi za njano?" Nikampa vyeti vitatu vya chanjo ya homa ya manjano, akasoma tarehe moja moja kwa kidole. Dakika 20, tukaachiwa.

Forodha walitaka kuiona yoti. Afisa aliyekuja, dada wa makamo, alivua viatu akavishika mkononi, akapanda kidau chetu cha mpira bila kulowa hata pindo. Aliandika chupa 7 za mvinyo, redio, injini. "Silaha mnazo?" Nahodha akatoa sanduku la fataki za dharura. Akazihesabu nazo. Kisha akaomba karatasi ambayo kila meza siku ile iliiulizia kabla ya pasipoti zetu: kibali cha kuondoka cha bandari ya mwisho, tulichokata Shimoni. Usajili wa chombo unasema ni cha nani. Kibali kile kinasema umetoka wapi na kwamba uliaga. Asiyekuwa nacho ni kama ameibuka kutoka chini ya bahari.

Orodha ya mabaharia tulikuwa nayo nakala mbili. Zilihitajika tano. Duka la fotokopi lilikuwa na mashine, umeme haukuwepo. Bodaboda ikatupeleka duka la pili. Tuliporudi, karani mmoja akageuza karatasi akauliza, "Muhuri wa chombo?" Nikaona aibu kwa niaba ya nahodha: boti ya watu watatu, muhuri wa nini? Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa muhuri wa mpira wenye jina la yoti na mchoro wa nanga, akaugonga mara tano. Karani akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kwao Uholanzi haumsaidii kitu, aliniambia baadaye. Aliutengenezesha baada ya kuchoka kubishana bandarini.

Adhana ikatukuta na meza mbili mbele yetu. Viti vikabaki vitupu, nasi tukakaa chini ya mwembe tukila mihogo ya kukaanga. Baada ya saa nane tulilipia bandari benki kwa namba ya malipo, maana noti mkononi hazikupokelewa, kisha uhamiaji. Pasipoti yangu ya Afrika Mashariki iligongwa bure. Nahodha na mkewe walilipia viza dola 50 kila mmoja. Wangekuwa Wamarekani, ingekuwa dola 100.

Tanga husifiwa kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Sisi tuliokuja leo tulishusha bendera ya njano saa kumi na moja jioni, tukapandisha ya Tanzania, tukalala palepale. Nahodha alikuwa akipanga kwenda Pemba, ambako utaratibu unaanza upya ijapokuwa nchi ni moja, na tangu 1 Oktoba 2024 wageni wa Zanzibar wanadaiwa pia bima, iliyoanza kwa dola 44.

Ukipata chombo cha kukupeleka, kata kibali kabla ya kuondoka, beba nakala sita, uchonge muhuri. Na usifike Ijumaa.