Maji Yamekwenda Wapi?

Watu wa mikoa mingine wakisikia trekta, huwaza mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Kwetu Bukoba na Muleba sivyo. Kibanja cha migomba na kahawa hulimwa kwa jembe la mkono, na trekta halina pa kupita kati ya migomba. Linalolimwa kwa plau ni rweya, yale maeneo ya nyasi nje ya vijiji, tena si kila msimu. Matrekta niliyoyatengeneza maisha yangu yote yalikuwa ya kuvuta tela: mawe ya msingi, mchanga, matofali, ndizi. Na nchi yetu ni ya milima. Trekta likipandisha kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu na tela la mawe, hutambaa kwa gia ya chini, mwendo wa mtembea kwa miguu, na injini huzidi kupata joto kuanzia chini hadi juu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ufundi wangu imekuwa kujibu swali moja: maji yamekwenda wapi?

Matrekta mengi yalikuwa Massey Ferguson 135, yenye Perkins ya silinda tatu, lita mbili na nusu. Yalikuwapo pia ya Valmet, yale yaliyounganishwa Kibaha miaka ya 1980. Ukizitibu injini hizi mbili kwa namna moja utaharibu. Slivu za Perkins hii ni kavu: zimeshindiliwa ndani ya bloku na maji hayazigusi. Za Valmet zimezungukwa na maji, na kwa chini zimezuiwa na ringi za mpira. Ringi zikichoka, maji hushuka moja kwa moja kwenye oili, na juu kwenye rejeta huoni hata kiputo. Nimewaona mafundi wazuri wakivua silinda hedi ya Valmet, wakaweka gasketi mpya, wakafunga vizuri kabisa, na asubuhi oili ikawa bado imegeuka kama chai ya maziwa.

Mimi huanza na dereva. Namwita pembeni, mbali na tajiri wake, maana mbele ya tajiri madumu ya maji hupungua hesabu. Unaongeza maji wakati gani: asubuhi kabla ya kuwasha, au katikati ya mlima? Yakipungua trekta likiwa limelala, tundu liko wazi wakati wote, utaliona. Yakipungua chini ya mzigo tu, tundu hufunguka kwa joto na presha, na hapo kazi huwa ndefu. Jingine ninalouliza ni kama amewahi kumwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka. Hili ni swali zito, kwa sababu chuma cha silinda hedi hupasuka kwa namna hiyo.

Trekta ninalolikumbuka kuliko yote ni 135 moja ya Kamachumu, mali ya mama mjane aliyesomesha watoto kwa kusomba mawe. Alikuwa ameambiwa gasketi imekufa, na fedha ya spea alikuwa ameshaanza kuikopa. Dereva alinong'ona kwamba kila akifika juu anaongeza maji ya dumu, na hajawahi kuona tone chini.

"Fundi, sema ukweli. Niuze shamba la miti?"

"Hapana, mama. Tusifungue kitu mpaka trekta lenyewe liseme."

Nilivua mkanda wa feni ili wotapampu isizunguke, nikajaza rejeta hadi mdomoni, nikawasha. Gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka hupeleka moshi wa silinda ndani ya maji, na viputo hupanda mfululizo. Bila kuvua mkanda, pampu huyatibua maji na macho hudanganyika. Hakukuwa na viputo. Jaribio hili ni la dakika chache tu, maana maji hayazunguki. Asubuhi, kabla ya injini kuguswa, nililegeza taratibu nati ya kutolea oili chini. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo hutangulia kutoka. Ikatoka oili, nyeusi na safi.

Kisha kifaa changu cha miaka mingi: kofia kuukuu ya rejeta niliyoitoboa na kuichomelea vavu ya tyubu ya baiskeli. Unaifunga, unapampu taratibu hadi paundi 7, kiasi ambacho kofia yenyewe ya trekta hili hushikilia, unasikiliza. Presha hiyo ina kazi kubwa kwetu. Bukoba iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kofia nzima huyasogeza hadi karibu 108. Kofia mbovu peke yake inatosha kumwaga maji mlimani. Hii ilikuwa nzima, na injini ikiwa baridi presha haikushuka.

Basi tuliiosha bloku, tukaikausha, nikaipaka unga wa chaki pande zote. Tukapakia mawe, tukapanda mlima. Juu kabisa nilizima, nikamulika tochi. Nyuma ya pampu ya dizeli, mahali pasipofikiwa na jicho la kawaida, chaki ilikuwa imelowa mstari mwembamba wa rangi ya kutu. Tone lilitoka kwenye kizibo cha bloku, likakauka kwenye chuma cha moto kabla ya kufika ardhini.

Kufungua pampu ya dizeli kulichukua muda mrefu kuliko kizibo chenyewe. Nilikigonga upande mmoja kikapinduka, nikakivuta kwa koleo. Kilikuwa kimeliwa kutoka ndani. Nilipokiinua juani, mwanga ulipita. Nyuma yake, kuzunguka silinda ya mwisho, tope la kutu lilikuwa limejaa mpaka waya niliouingiza ukagota. Tulilikwangua, tukapitisha maji kinyume na njia yake ya kawaida hadi yakatoka meupe, nikasafisha kikalio kwa msasa, nikapaka gundi, nikakigonga kizibo kipya hadi kikakaa.

Hapo ndipo nilipozungumza na mama kwa kirefu, kwa sababu kazi ya spana ilikuwa nusu tu. Kila dumu la maji mapya huingiza hewa mpya na chumvi mpya, na hizo ndizo hula chuma. Tundu dogo linadai dumu, dumu linaleta kutu, kutu inatoboa tundu la pili. Dereva huona ameliokoa trekta kila siku, kumbe analimaliza. Wengine hufika mbali zaidi, wakatia bizari au mayai kwenye rejeta ili vizibe. Huziba kweli, pamoja na mirija myembamba ya rejeta iliyotakiwa kupoza.

"Lakini kulanti si ya nchi za barafu, waitu?"

Swali hilo nimeulizwa kuanzia Rwamishenye hadi Nshamba, na ni swali la haki. Barafu hatuna. Ila ndani ya kulanti kuna dawa ya kuzuia kutu, na huchelewesha maji kuchemka. Inachanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Sisi tulitumia ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa, maana mvua Bukoba haikosekani.

Alinunua kulanti kwa fedha aliyokuwa ameiandaa kwa gasketi, na nyingine akamrudishia aliyemkopesha. Dereva alipewa daftari la kuandika kila lita inayoongezwa na mahali ilipoongezwa. Siku hizi, trekta likiletwa kwangu, naomba kwanza daftari la namna hiyo. Kama halipo, naomba dereva mwenyewe aje, hata kama tajiri ana haraka.