Hii Haijatembea Bongo

"Dada yangu, hii haijatembea Bongo."

Msomaji wangu, kama umewahi kununua gari hapa kwetu, unaijua hiyo kauli. Mimi niliambiwa mwaka 2019 kwenye yadi moja ya Dar es Salaam, na kijana mwenye shati safi na maneno matamu. Hakuniambia kitu kingine cha maana, na mimi sikuuliza. Hayo maneno matatu ndiyo yaliyokuwa waranti yangu.

Tulikuwa na shilingi milioni 16, jasho la miaka minne la mimi na mume wangu. Yeye alikuwa ameshapata gari lake: mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro alikuwa anauza, milioni 9 tu. Alilinunua jipya kwa wakala hapa hapa nchini, akalipeleka sevisi kwa wakala huyo hadi waranti ilipoisha, na kitabu cha sevisi alikuwa nacho, kimegongwa mihuri ukurasa baada ya ukurasa. Mwenye gari mmoja, fundi mmoja. Tatizo lilikuwa moja: lilikuwa namba B.

Wenzangu wa Bongo mnanielewa. Pleti zetu zina herufi tatu mwishoni, na ile ya kwanza inasogea kadiri magari yanavyosajiliwa, kwa hiyo mtu akikupita barabarani anajua gari lako limeingia lini hata kabla hajakuona wewe. Mwaka ule namba D ndiyo iliyokuwa inatamba. Nilijiona nashuka kwenye kitchen party, mashosti wamejipanga mlangoni, na mimi na namba B yangu. Nikamwambia mume wangu, "Gari iliyotembea Bongo ni ugonjwa, unanunua shida za mtu." Nilisema kama vile mimi ndiye fundi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu.

Tukanunua la Japani. Cc 1500, rangi ya silva, viti bado vina nailoni, dashibodi inasoma kilomita 71,000. Ukiwasha, mama wa Kijapani anakusalimia kwa sauti laini, na hakuna aliyejua anasema nini. Wageni wakipanda, mimi nawasha makusudi ili wamsikie.

Wiki ya tatu nikampigia baba simu Kidete kumpa habari. Baba ni mstaafu wa reli, alikuwa gengini, wale waliokuwa wanatembea na nyundo wakigonga reli kusikiliza kama ina ufa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyosomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, yalimkuta kazini. Vitu vya kutoka nje havimtishi. Walipokuja wawekezaji wa India mwaka 2007 na injini za kukodi kutoka kwao, na yeye alikuwepo. Hakuniuliza rangi wala namba. Aliuliza, "Aliyekuuzia anakaa wapi?"

Nikacheka. "Baba, gari imetoka Japani!"

"Nimesikia. Nauliza aliyekuuzia."

Mwezi wa tano wa gari, mama akaanza kulalamika kichwa. Presha yake ilikuwa juu siku tatu mfululizo. Treni haikuwa siku yake, kwa hiyo tukakubaliana kwamba Jumamosi tutamfuata sisi wenyewe, tumlete Dar akapimwe vizuri. Tukaondoka asubuhi, tumejaza mafuta, mama wa Kijapani ametuaga.

Pale Kibaha mume wangu alinichokoza, kama kawaida yake tukipita hapo. Ndipo lilipo Shirika la Nyumbu, lile la jeshi, lililotengeneza lori lenye jina hilo hilo. Hapo hapo Kibaha kulikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. "Ungepewa gari ya Nyumbu, mpya, na waranti ya miaka mitano, ungechukua?" Nikamjibu, "Ningelipaki wapi nisionekane?" Tukacheka wote. Si sisi peke yetu. Majirani zetu Wakenya nao walizindua gari lao, Nyayo Pioneer, mwaka 1990, halikuwahi kufika sokoni, na hadithi yake bado inachekesha watu. Cha kwetu tunakicheka kwanza, ndiyo tukiangalie. Halafu Mjapani aliyelitumia gari lake akalichoka tunamwamini kama mchungaji.

Na kwa nini amelichoka? Hilo nalo nimelijua baadaye. Kwao kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, mara ya kwanza gari likiwa na miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ni gharama. Wengi hesabu zikiwazidi wanaliuza. Hakuna ubaya hapo, magari mengi yanakuja yakiwa mazima. Linapanda meli, linafika bandarini, unalipia ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na likiwa la siku nyingi sana kuna ule wa uchakavu. Kile cheti cha ukaguzi kilichotakiwa na TBS kabla ya gari kupakiwa melini tulikuwa nacho pia, nikidhani ni waranti. Cheti kinasema breki na taa zilikuwa sawa siku ile lilipokaguliwa. Hakikuahidi kwamba gia boksi itafika Krismasi.

Ya kwetu haikufika. Tulipita Dumila, Rudewa, Kilosa mjini, tukashika njia ya vumbi kuelekea Kidete. Jua linazama, gari likaanza kunguruma bila kwenda. Mume wangu anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, sisi tuko pale pale. Mara moja likashika, likaruka mbele, likaachia tena. Baada ya hapo halikushika tena. Mtandao hakuna. Tukafunga vioo, tukalala ndani na nailoni zetu.

Alfajiri tukaona taa zinakuja kutoka upande wa Kidete. Ilikuwa Land Rover One Ten ya mfanyabiashara wa mahindi, namba A, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Mume wangu akasimama katikati ya njia kupunga mikono. Ikasimama. Aliyeshuka kwanza alikuwa baba.

Mama alikuwa amelala nyuma juu ya godoro. Usiku ule, kwenye saa tano, alikuwa ameanguka. Mdomo umepinda, mkono wa kushoto hausogei. Baba alihangaika kijiji kizima hadi akaipata ile Land Rover. Mimi nikapanda nyuma, nikampakata mama kichwa. Hakuna aliyeniuliza kuhusu gari. Lile liliyotembea Bongo mpaka limechoka ndilo lililotufikisha hospitali ya Kilosa.

Mama yupo, namshukuru Mungu. Anatembea, anacheka, ananitania. Mkono wa kushoto haujarudi sawasawa. Kama gari lisingekufa tungefika Kidete saa mbili usiku, na pengine saa tano angekuwa njiani na sisi. Daktari hakuniambia kama zile saa zingeleta tofauti. Na mimi sikumuuliza.

Gari lilivutwa hadi Morogoro. Nilirudi kwenye yadi nikiwa nimepandwa na hasira, na yule kijana akanionyesha risiti yangu mwenyewe, maandishi madogo chini: limeuzwa kama lilivyo. "Dada yangu, likishatoka getini ni la kwako." Rafiki yangu mwanasheria aliniambia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamgusa mtu anayeuza bidhaa kama biashara yake, hata asipotamka waranti, na kwamba yale maandishi si lazima yamalize kesi. Lakini kesi ni muda na hela, na sisi vyote viwili vilikuwa Kilosa kwa mama.

Aliyenifungua macho ni jamaa wa ofisini aliyesoma Japani. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akaniita. Kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na kistika kidogo cha kubadilisha oili. Herufi sikuzijua, lakini tarakimu ni tarakimu: 118,400. Pembeni 27, ambao akanieleza ni mwaka wa 27 wa Heisei, yaani 2015. Gari lilitembea kilomita 118,400 mwaka 2015, na mwaka 2019 mimi nikauziwa likiwa na 71,000. Kistika kilikuwa pale miezi yote, nakipita na mkoba wangu kila asubuhi. Nikamuuliza na yule mama wa Kijapani anasemaga nini. "Anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa."

Fundi wetu akatutafutia gia boksi Kariakoo, used ya Japani, kwa sababu mpya isiyojulikana imetoka wapi nayo anaiogopa. Hata spea tunaamini zaidi iliyotumiwa na mgeni. Nikamuuliza waranti. Akafuta mikono. "Wiki mbili, dada. Ikizingua nipigie, nipo hapa hapa chini ya mwembe." Gari jipya la wakala mara nyingi linapewa miaka 3 au kilomita 100,000, kipi kitangulie, mradi sevisi ufanye kwao. Wiki mbili za chini ya mwembe ni kidogo. Lakini aliyezitoa nilijua anakaa wapi.

Mume wangu hajawahi kuniambia "nilikwambia". Mara moja tu, tukiwa tunaosha vyombo, alisema yule mwalimu wa Morogoro alishauza. Nikasema aha. Tukaendelea kuosha.

Mwaka jana tuliliuza. Akaja kijana na mchumba wake, wamependeza, wanaenda kuoana Desemba. Akazunguka gari, akainama kusoma dashibodi. Tangu 2019 tulikuwa tumelitembeza sana, ilisoma 139,000, namba inayoeleweka kabisa. Mume wangu akaniangalia, hakusema kitu. Nikafungua mlango wa dereva, nikamwonyesha kistika, nikamhesabia. Wakasogea pembeni wakanong'ona. Waliporudi walikuwa wameshusha milioni moja na nusu, tukakubali, nikawaandikia namba yangu ya simu na mtaa tunaokaa.

Dada yule, akiwa ameshika funguo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hii imeshatembea Bongo?"

"Imetembea," nikamwambia. "Ila Kidete haikufika."