Kiganja cha nkambo

Nkambo wangu anakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Sebuleni mwake kuna picha ya rangi ya harusi yake, iliyopigwa ndani ya nyumba, dirisha likiwa nyuma. Gauni jeupe linaonekana hadi mshono wa shingoni, lakini uso ni doa jeusi. Wajukuu wadogo huuliza: "Huyu njo nani?" Mwaka jana aliniambia: "Bwana yangu, unipige foto moja yenye sura, mbele ya kuenda."

Niliazima kamera ya binamu yangu, nikafika saa sita mchana, nikidhani jua kali ndilo rafiki wa picha. Nikamketisha dirishani, mgongo ukielekea nje, nikabonyeza. Nilipomwonyesha kioo cha kamera alitazama kimya, kisha akasema: "Miye siko kivuli." Nilikuwa nimerudia kosa lile lile la fundi wa harusi.

Baadaye nilielewa. Kipima-mwanga hakijui ni nani aliye muhimu katika picha. Hukusanya mwanga wote, hutafuta wastani, na hutaka wastani huo uwe kijivu. Dirisha likijaa jua, kamera hupunguza mwanga, na uso ulio mbele ya dirisha huzama gizani. Nikakielekeza kwenye shavu lake peke yake, kosa likageuka: kamera ilitaka ngozi nyeusi nayo iwe kijivu, ikazidisha mwanga, nkambo akatoka amepauka. Darasani tunafundishwa kutafuta maana ya neno katika muktadha. Kamera inasoma muktadha tu, neno lenyewe hailijui.

Wala si kipima-mwanga peke yake. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi kama ya nkambo haikuwa kwenye kipimo.

Nilirudi wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, kabla jua halijaingia chumbani moja kwa moja. Nilimgeuza, dirisha likawa ubavuni mwake, nikatundika shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga kwenye shavu lenye giza. Kisha nikamwomba afungue kiganja karibu na uso, kikitazama kamera.

"Unataka kunisomea bahati?" akacheka.

Viganja vya watu weusi na weupe havipishani sana kwa weupe, ndiyo maana wapigapicha hukitumia kiganja kama kipimo: hukipima, kisha huongeza hatua moja, yaani mwanga maradufu. Kamera ilinipa f/4, kasi ya 1/60, ISO 400. Nikafungua lenzi hadi f/2.8, nikapiga. Ukingo wa dirisha uliungua, ukawa mweupe mtupu. Niliuacha, kwa sababu sikuja kupiga picha ya dirisha.

Safari hii mikunjo yote ilikuwepo, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kuliona. Nkambo alishika kamera kwa mikono miwili. "Aba njo miye," akasema. "Niko sawa na mama yangu."

Picha hiyo inaning'inia kando ya ile ya harusi. Sasa mtoto akiuliza bibi harusi ni nani, nkambo humwonyesha ya pembeni.