Matuta ya Matombo

Kwenye mazoezi ya kufundisha niliwaambia Kidato cha Pili kwamba matuta ya ngazi huokoa udongo, basi. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi anasema matuta yaliwaletea njaa." Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Jumamosi nikapanda gari hadi Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru. Bibi huyo akaitikia shikamoo yangu, akanionyesha mteremko. "Mjukuu wangu, mkoloni alitulazimisha kuchimba. Udongo mweusi ukafukiwa, juu ukabaki mwekundu usioshika mahindi." Mwaka 1955 Waluguru wakagoma, mpango ukaachwa.

Jumatatu nilimwomba yule binti radhi mbele ya wenzake, nikampa chaki amalizie somo. Safari hii hakuna aliyecheka.